Mama wa Jean d'Amour

Anayetaka kucheka acheke. Haya yalinipata mimi mwenyewe hapa Goma, na kuyatunga kusingenifaa kitu.

Nilikuwa natengeneza programu za simu katika biro moja, ofisi ndogo ya mtaa wa Himbi. Moja ilikuwa ya kutafuta watoto waliopotezana na wazazi vitani: mama anaandika jina la mtoto, anatuma. Kwa muda mrefu niliomba tuweke serveri yetu wenyewe ya kunasa makosa, ili programu ikikwama kwenye simu ya mtu, tujue. Shefu alikataa. Alisema itakula mazutu, dizeli ya jenereta, na tena hakuna anayelalamika. Walalamike wapi? Mwishowe akakubali shingo upande.

Jioni nilipoiwasha, kosa liliingia papo hapo. Likaja tena, na tena, kutoka simu ileile. Nikainua kichwa. Mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kimejaa vumbi jeusi la volkano, simu mkononi.

"Papa, ninaandika jina ya mutoto, inakatala."

Nikamuuliza jina gani. Jean d'Amour. Niamini, nusura nilie: programu ilikuwa inakwama kwa kile kialama kidogo kinachofuata d. Nikarekebisha, nikamwambia ajaribu. Akabonyeza, jina likapita. Akakitazama kioo cha simu, akatoka. Sentineli, mlinzi wa getini, aliapa kwamba hakuna aliyeingia.

Asubuhi jina lile lililingana na la mtoto aliyekuwa kwa familia moja huko Rumangabo. Simu ile ilikuwa imeandikishwa katika kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya; nikakimbilia huko kumpasha mama yake habari. Jirani yake akaniangalia kwa chuki.

"Munakuja leo? Tulishamuzika."

Kipindupindu kilimuua kabla sijaiwasha ile serveri. Mpaka mwisho alikuwa akibonyeza. Jirani akanionyesha simu yenyewe: betri imevimba, haiwaki tangu msiba.

Shefu alinikataza kuyasema hayo mbele ya wafadhili. Ripoti ikasifu programu yetu.

Mtoto sasa yuko kwa shangazi yake. Nilipomtembelea aliniuliza kama mama alimtafuta. Nikamjibu, kila siku.

Kazi ile niliiacha. Hadi leo mlango ukifunguliwa nyuma yangu jioni, naogopa kugeuka. Wewe unayetengeneza vitu vya watu, ukiona kimya usijisifu. Usiyemsikia akiwa hai anaweza kuja mwenyewe mlangoni, na utakachompa hakitamfaa tena.