Safu Aliyoiacha Mama

Siku mama alipotoka kibanjani na kisu mkononi, akaniuliza jiko liko wapi, nilicheka. Nilidhani ananitania, maana kwa utani hajambo. Jiko lilikuwa mbele yake, moshi unafuka. Aliniangalia nikicheka, na yeye hakucheka. Nikakipokea kile kisu.

Nyumba yetu iko Nyakasimbi, katikati ya migomba, na mama amekaa humo tangu alipoolewa akitokea Isingiro. Kibanja kile, shamba letu la ndizi, anakijua mgomba kwa mgomba. Baba amezikwa humo humo, karibu na mibuni, na kila asubuhi mama hupita kumsalimia kabla ya kwenda kukata ndizi za mchana. Kaka yangu anafanya kazi Bukoba. Nilipomweleza kwa simu, wala hakusita.

"Basi aje akae kwangu. Siku moja atapotea huko, au atajiunguza."

"Thubutu! Mama akakae ndani ya geti aangalie ukuta?" Nikakata simu.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, kwetu kila mtu anajua. Lakini siku ile sikumgombeza kaka kwa hasira. Nilimgombeza kwa woga, kwa sababu niliona anasema kweli.

Nina steshenari ndogo Kayanga, ya kuchapa, kutoa kopi na kutengeneza kadi za harusi. Na mama, kabla ya kustaafu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ugonjwa wake mkubwa ulikuwa chemsha bongo, ile ya gazetini ya kujaza maneno kwenye visanduku. Hata gazeti lililofungiwa vitumbua alilikunjua, akalinyoosha na mafuta yake, akajaza. Nikasema basi, nitamtengenezea chemsha bongo yake, ya mambo ya nyumbani kwetu tu. Nikampigia kaka tena.

"Akiijaza, anabaki kwake. Akishindwa, njoo na gari."

Kaka akakubali. Mimi nikabaki roho juu.

Jamani, kumbe kazi ile ni ngumu! Unapata neno zuri la kulala, linakataa kukutana na la kusimama. Niliandika: mnyama aliyekula madaftari ya darasa la pili. Mbuzi. Chakula alichopika baba mara moja tu maishani, kikaungua. Uji. Tulikokimbilia mvua ya mawe ilipoezua jiko. Kanisani. Kila nilipoandika swali nilijiuliza, je, hili bado analo? Na kama hana, nani mwingine atakuwa nalo? Swali la kunihusu mimi, kitinda mimba wake, nililifuta mara kadhaa nikaliandika tena. Niliogopa kukuta visanduku vyangu vitupu. Safu ndefu ya kusimama, iliyoshika maneno mengine yote, niliipa jina la babu: baba yake baba, aliyejenga nyumba ya juu mlimani. Hilo niliona ni la bure, nimempa zawadi. Nani kwetu hamjui babu?

Nikaipeleka Jumapili baada ya ibada.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeniletea nini, mbona umekaa kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano?"

Nikampa karatasi na kalamu. Akavaa miwani, akasoma, akaanza kucheka peke yake. Mbuzi akaandika. Uji akaandika, akasema, "Sufuria lile nililitupa, waitu jamani, halikusafishika." Jina langu aliliandika upesi kuliko yote, hata hakunitazama. Nilitamani kumrukia shingoni.

Halafu akaifikia safu ndefu. Akaisoma, akairuka. Akajaza mengine yote, akarudi pale, akaitazama tena. Kalamu ikabaki juu. Akaifunika kofia, akaniwekea karatasi mapajani.

"Nimemaliza."

Safu ndefu ilikuwa nyeupe. Aliishi na mzee yule miaka na miaka, akampikia, akamuuguza mpaka akafa. Sasa jina lake hana! Nikamwona kaka anafungua geti, nikaona kibanja kimejaa majani.

"Mama, hii mbona umeiacha?"

"Ijaze wewe."

"Mama, jaribu. Ni babu. Aliyejenga nyumba ya juu."

Akavua miwani. Lo! Jicho lile nalijua, ndilo lililonyamazisha darasa zima.

"Wewe umelelewa na nani? Unataka mimi nimtaje baba mkwe wangu? Kwa mdomo sijamtaja, leo nimtaje kwa kalamu? Huna adabu kabisa."

Nikaangua kicheko, machozi yananitoka. Nilisahau! Mimi ndiye niliyesahau! Kwetu mke aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe, na mama alilishika jambo hilo kama hakuna mwingine. Yeye alimwita Mzee wa Juu, basi. Nilipokuwa darasani kwake kulikuwa na mtoto mwenye jina lile lile. Mama akiita majina asubuhi, akimfikia huyo ananyamaza na kutazama upande wa dirisha alikokaa mtoto, naye anajijibu mwenyewe, "Nipo, mwalimu." Darasa zima tulishazoea.

Alinigomba mpaka ndizi zikaiva, na sijawahi kugombwa nikasikia raha vile. Nilimpigia kaka pale pale uani. "Mama yupo. Kaacha safu moja tu, na yupo mzima kuliko wewe." Akabaki Nyakasimbi.

Mvua za vuli zikaja, senene wakaruka, tukala. Mama aliuliza jambo moja mara mbili, mara tatu, nami nikajiambia ni uzee. Nikimkuta kasimama tu kibanjani namuuliza anafanya nini, anasema anapumzika. Nilikubali. Nilitaka sana kukubali.

Krismasi kaka akaja na gari, na mkewe. Baada ya kula, kaka akaiomba ile chemsha bongo, hakuwahi kuiona. Nilikuwa na kopi tupu mkobani, nikampa mama mbele ya wote, na maringo juu. Nikamwambia kaka, "Sasa angalia."

Mama akavaa miwani. Alienda polepole. Mbuzi alimsumbua kidogo, akampata. Kisha akaifikia safu ndefu, uso ukamng'aa. Akaandika, herufi moja moja, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Akainua karatasi, akatusomea kwa sauti, jina la babu, lote, kama anaita mahudhurio.

Kaka akapiga makofi. "Safi mama! Hata ile safu uliyoiacha mwanzo, leo umeipata!" Akanigeukia. "Haya, umenishinda. Anabaki."

Mke wa kaka hakupiga makofi. Naye ni mke aliyeolewa nyumba hii. Aliinamisha uso, akaweka mkono mdomoni, na tulipotazamana nikajua kuwa ameelewa. Niliogopa kuliko siku ya kisu, kwa sababu siku ile mama alikuwa amelipoteza jiko tu. Sasa hakujua tena kwamba yeye ni mke wa nani, na kwamba pale alipokaa alikuja kama bibi harusi.

Mama alikuwa ananitazama anatabasamu, ananinyooshea kalamu.

"Nimepata?"

"Umepata, mama."

"Basi sahihisha."

Nikaweka vema juu ya jina la babu, kubwa. Akafurahi sana. Kisha nikainuka, nikaingia chumbani kwake, nikaanza kufungasha nguo zake.