Siku Saba Bila Taulo

Jambo la kwanza nililoligundua kwa Mzee Ludovick ni mkono wake wa kulia. Siku niliyokwenda kuulizia chumba cha kupanga nyumbani kwake Ipagala, nilimwamkia, tukakaa mezani kuzungumzia masharti ya maji na umeme. Muda wote huo mkono wake ulikuwa ukizunguka polepole juu ya kitambaa cha meza, kama unaofuta kitu. Juu ya kitambaa hakukuwa na kitu.

Mzee Ludovick alikuwa dereva wa serikali kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi hiyo, kama alivyonieleza, ina sehemu mbili: kuendesha na kusubiri. Kuendesha huchukua saa moja, kusubiri huchukua siku nzima. Dereva anayesubiri mkutano uishe hufuta gari. Akimaliza, vumbi la Dodoma limekwisha kutua upya, naye huanza tena. Alistaafu na barua ya pongezi inayotaja usafi wa gari. Imetundikwa sebuleni, juu kidogo ya picha ya harusi yake.

Kwa kiinua mgongo alinunua gari dogo jeusi. Kwa miaka sita alilifuta kila alfajiri kwa taulo kavu, kwa mizunguko, kisha akaliegesha kivulini.

Mwaka huu binti yake, Elieth, alipokaribia kuolewa, alikataa gari la kukodi. "Nitapelekwa kanisani na gari la baba," alisema. Mzee akalitoa gari juani saa sita mchana ili alikague. Boneti lote lilikuwa na mikwaruzo myembamba ya duara, kama utando wa buibui.

Nilimsindikiza kwa Swaumu, fundi wa kung'arisha magari, mwenyeji wa Kondoa, mwenye banda lake kando ya barabara.

"Jua limeniharibia gari, mwanangu," Mzee alisema.

Swaumu akamulika boneti kwa tochi. "Jua halichori duara, baba. Nani anafuta gari hili?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa taulo. Safi kabisa."

"Kavu?"

"Kavu."

"Vumbi letu lina mchanga ndani yake. Baba yangu, miaka sita umelipiga msasa."

Mzee Ludovick aliutazama mkono wake wa kulia. Kisha akauliza, "Na yale ya serikali?"

"Yale yalishauzwa mnadani, baba. Yaache."

Swaumu akapima unene wa rangi kwa kifaa kidogo. Ilikuwa imebaki nyembamba. Angeweza kuing'arisha kwa mashine mara moja tu, kwani mara ya pili angefika kwenye bati. Alifanya kazi hiyo kwa siku mbili hadi duara zote zikaisha, halafu akapaka dawa ya kuikinga rangi. Dawa hiyo huhitaji siku saba ili ikaze. Siku hizo gari halioshwi wala halifutwi.

"Likipata vumbi?" Mzee aliuliza.

"Liache."

"Likipata vumbi jingi?"

"Liache zaidi."

"Nikilifunika turubai?"

"Upepo ukilipeperusha, litakuwa taulo kubwa kuliko lako. Jumamosi asubuhi nitakuja kuliosha mwenyewe."

Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya harusi.

Mama Anastazia, mkewe, alificha taulo zote za nyumbani. Wageni wa harusi walioanza kuwasili walijikausha kwa khanga. Jumapili Mzee alilizunguka gari mikono ikiwa nyuma. Jumatatu alifuta madirisha yote ya nyumba. Jumanne alifuta mlango wangu, nami nikiwa ndani. Gari lilikuwa limegeuka jekundu kwa vumbi.

"Mzee Ludo, gari limekufa?" jirani yetu, Mama Evarista, aliuliza kutoka upande wa pili wa ua.

"Limepumzika."

Jumatano alikuja Mzee Petro kutoka Chamwino, baba yake bwana harusi, kupanga msafara. Walisalimiana vizuri getini. Kisha mgeni akaliona gari.

"Poleni na pilikapilika, mkwe. Naona hata gari mmekosa nafasi ya kulifuta." Akatoa leso mfukoni, akainama, akaanza kufuta boneti.

Nilikuwa napanga viti, nikasimama. Mkwe hakemewi. Hashikwi bega wala haambiwi acha, tena zikiwa zimebaki siku tatu binti aingie nyumbani kwake. Leso ilizunguka mara moja, mara mbili, mara tatu. Mzee Ludovick akasogea, akaudaka ule mkono wenye leso kwa mikono yake miwili.

"Mkwe! Karibu sana!"

"Tumeshasalimiana, mkwe."

"Haikutosha."

Akamwongoza hadi sebuleni, na hakuuachia mkono huo mpaka chai ilipoletwa.

Kwenye boneti palibaki doa safi, lenye ukubwa wa sahani. Swaumu aliitwa. Alichuchumaa akalitazama, lakini hakuligusa.

"Labda dawa ilikuwa imeshakaza, labda bado. Tutajua likioshwa na kupigwa na jua."

"Na kama pamechorwa?"

"Sina rangi nyingine ya kuondoa hapo, baba."

Elieth akasema pangefunikwa kwa maua, hakuna mgeni ambaye angejua.

"Mimi nitajua," alisema baba yake.

Jumamosi Swaumu alifika saa kumi na mbili asubuhi na ndoo mbili na taulo nene laini. Aliosha kuanzia juu kushuka chini, akikausha kwa kugandamiza bila kusugua. Gari likawa jeusi ti. Lakini kivulini halikuonyesha kosa lolote, kama ambavyo halikuwahi kuonyesha kwa miaka sita, na nyumba ya Mama Evarista ilikuwa bado inazuia jua. Tukasubiri. Mzee Ludovick alisimama ndani ya suti yake mpya, mikono mifukoni.

Elieth akachungulia dirishani, nywele zikiwa zimesukwa nusu. "Baba, jua bado?"

"Bado."

"Limefika wapi?"

"Kwenye tangi la maji la Mama Evarista."

Elieth akatoka na khanga yake, msusi nyuma yake, shangazi wawili nyuma ya msusi. Jua likagusa ukingo wa boneti, sote tukaliinamia.

"Sogeeni," Swaumu alisema. "Mnaweka kivuli."

Tukasogea.