Joto la Bahari na Mbegu ya Mama

Sijawahi kutia mguu baharini. Nimezaliwa Choma, kule Igunga, na sasa naishi Tabora mjini. Lakini ikifika Oktoba situlii kwa ajili ya bahari. Nafungua simu, naangalia ramani ya joto la maji: pwani yetu, kisha kule kilindini. Nafunga. Nafungua tena. Mume wangu ananitania, ati nimepata mchumba baharia.

Acheni anicheke. Mama yangu anakula mpunga wake mwaka mzima. Ana mashamba mawili: moja mbugani, maji yanakotuama, jingine juu, karibu na nyumba. Mbegu inamtosha shamba moja tu. Anailoweka, anaifunga kwenye gunia mpaka ichipue, na ikishalowekwa hairudi ghalani, lazima iende shambani. Mvua ikiwa kidogo, mbuga inatuokoa. Ikizidi, mbuga inameza kila kitu.

Mwaka jana ramani ilikuwa nyekundu tupu, toka pwani hadi mbali huko. Miaka yote niliyoitazama wekundu unaongezeka, ila ule ulinitisha. Nikapiga simu.

"Mama, shikamoo. Usipande mbugani. Bahari imepata joto, mvua itakuwa kubwa."

"Marahaba. Bahari ikiugua homa, sisi wa Choma ndio tumeze dawa?"

Jamani, nilikasirika! Asubuhi yake nikadandia basi, tukabishana uani mpaka kuku wakakimbia. Mwisho akapanda shamba la juu, huku akisonya, ili tu nimwondolee kelele.

Mvua ikaja, lo! Mbuga ikageuka ziwa. Majirani walipoteza mbegu, mama akavuna. Alinitumia gunia la mchele, basi. Nililia jikoni kwa furaha.

Mwaka huu amepiga simu mwenyewe, na hata shikamoo yangu hakuingoja.

"Bahari inasemaje?"

Nilikuwa kwenye ramani tangu alfajiri: pwani nyekundu, kilindini pamepoa. Redioni nao wanasema labda hivi, labda vile. Nikazunguka chumba kizima, simu sikioni. Mwaka jana alinibishia, nami nikawa na la kusema. Heri angenibishia tena.

"Mama, safari hii sijui. Wewe unaonaje?"

"Mimi mbegu nimeshailoweka, mwanangu. Nakungoja wewe."