Bondia wa Ukuta wa Shangazi

Enzi zetu, sisi tuliopanga foleni ya sabuni kwenye duka la kijiji, karatasi ilikuwa mali. Usinicheke. Karatasi ilijalidia daftari, ilifungia karanga, ilisokotea tumbaku, na iliyobaki ilikwenda mahali ambapo sitapataja. Sasa mtoto wa kisiwani Nansio kama mimi kuwa na sanduku zima la magazeti ya ngumi, jamani, ule ulikuwa utajiri!

Niliyapata kwa jirani yetu, baharia aliyekuwa akiyatoa Kisumu. Yalifika yakiwa makuukuu tayari, hayana majalada, yananuka dizeli. Nilimpa sato niliowavua mwenyewe kwenye mawe. Wenzangu wakicheza gololi, mimi nimejifungia na Kiingereza changu cha kubabaisha, kidole kwenye mstari, natafuta nani kamwangusha nani. Shangazi aliyenilea akipita alinong'ona, "Wewe na hao watu wako waliovimba macho, mtaoana."

Asubuhi ya kwenda shule ya bweni Mwanza, baharia akaniletea jingine. Nikasoma ukurasa mmoja tu, honi ya meli ikalia. Bondia mmoja mwembamba, bukta ya mistari, raundi ya saba, mikono juu, mpinzani wake kapiga magoti. Mwisho wa pambano ulikuwa nyuma ya karatasi ile ile. Bweni lilikuwa na wezi, kwa hiyo nikaliacha sandukuni. Muhula mzima nilikuwa nalala na raundi ya saba kichwani.

Likizo nikashuka melini mbio mpaka nyumbani. Nikafungua mlango. Mama yangu! Ukuta mzima, toka chini mpaka kwenye boriti, mabondia! Wakwe walikuwa wamekuja kumposa binti wa Shangazi, na kwetu mgeni wa posa hakaribishwi kwenye udongo mtupu. Basi Shangazi akakoroga uji mzito wa muhogo, akachana magazeti yangu yote, akabandika. Bila kuniuliza! Bondia wangu kawekwa juu ya kiti cha mkwe, raundi ya saba inatazama sebule, mwisho wake umegandia udongoni. Nikavuta kona, ikachanika. Nililia kwa hasira, sioni haya kusema.

"Wee, niachie ukuta wangu!" Shangazi akafoka. Kisha akalegea. "Siku nyumba hii ikitengenezwa upya utaitwa wewe kwanza. Utalowesha maji, utabandua polepole, utasoma."

Nikangoja. Shangazi hakujua kusoma, lakini alimpa bondia yule jina, Masanja, na kila asubuhi akifagia alimsalimia: "Umeamkaje, Masanja? Hujachoka tu kushinda?" Watoto wa jirani walijifunzia kusoma pale, shingo upande, maana kurasa nyingine alizibandika kichwa chini. Hata nilipokuwa mtu mzima mwenye familia, nikienda Nansio nilikaa kiti kile kile. Kubandua sikuthubutu, ukuta ulikuwa wake.

Tulimzika, nyumba akarithi mjukuu wake, Deus. Mwaka jana akanipigia, sauti ya sherehe: "Shikamoo babu! Njoo uone, nimekarabati!" Baada ya kazi, ndipo napigiwa! Nikavuka ziwa. Amekwangua ukuta wote, amepiga plasta, na juu ya plasta amebandika nini? Karatasi! Karatasi ya dukani Nyamagana, kule Mwanza, yenye picha ya matofali. Mtu anaficha ukuta wake kwa picha ya ukuta!

"Masanja yuko wapi?"

"Zile takataka, babu? Nilichoma."

Nilifoka mpaka mkewe akaniletea maji. Vijana hawa wana nini? Kila kitu kikizeeka, moto! Deus kuona nimewaka, akatoa simu anitulize. "Jina lake halisi unalikumbuka?" Kwa hasira nikalitaja bila kufikiri. Kufumba na kufumbua, akatabasamu.

"Huyu hapa. Alipigwa, babu. Raundi ya nane, akaangushwa."

Sasa nani kakuuliza? Sisi kitu tulikingoja, na kukingoja kwenyewe tulikupenda. Yeye kakimaliza kwa kidole gumba, kisha ananiuliza kama nitakunywa soda. Shangazi yangu kaingia kaburini akijua Masanja alishinda. Na mimi, mjinga yule angeniacha, ningemfuata nikijua hivyo hivyo.