Tundu Nililoliziba Kibosho

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na kalamu tatu mpya, nikanyang'anywa zote. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili ghorofani, Moshi mjini, na kazi yake ilikuwa kukarabati nyumba za zamani bila kuzibomoa. Msanifu Mkuu, mzee wa maneno machache, alinikabidhi futi ya kupimia. "Kuchora baadaye, binti," alisema. "Kwanza pima nyumba kama ilivyo, siyo unavyotaka iwe."

Ninyi vijana mnaopima kwa kimashine cha mwanga mwekundu mtacheka. Sisi tulitambaa darini kuhesabu kenchi, zile mbao zinazobeba bati, na tuligonga lipu kwa vidole kusikia kama imeachana na ukuta. Nilijifunza upesi, na kiburi nacho kikaja upesi.

Mwaka wa tatu nikapewa nyumba yangu ya kwanza kuisimamia, huko Kibosho. Ilikuwa ya mawe na chokaa, imejengwa na marehemu mume wa Bibi mmoja aliyebaki pale na ng'ombe wake. Mwanawe aliyefanya kazi Dar alitaka mama yake apate choo cha ndani na sakafu ya vigae. Asipoizoea nyumba hiyo, alisema, atamchukua wakaishi wote Dar. Bibi hakutaka hata kuisikia habari hiyo. Kaburi la mumewe lilikuwa pale mgombani.

Kwenye ukuta kati ya chumba chake na banda la ng'ombe nilikuta tundu la kuingia ngumi. Fundi Mkuu wa waashi wetu akaniuliza tulifanyeje. Nikamjibu kwa kujidai, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Tukaliziba, tukapaka chokaa.

Mwezi haukuisha, mwanawe akapiga simu ofisini: mama amehamishia kitanda jiko la nje, na yeye anakuja Jumamosi kumchukua. Nikapanda Kibosho siku ile ile.

"Shikamoo, Bibi. Chumba kina kasoro gani?"

"Marahaba, mwanangu. Hakina kasoro, kinang'aa kama wodi. Ila simsikii ng'ombe. Mzee alitoboa pale tumsikie akitaka kuzaa. Nikimsikia anacheua, napata usingizi. Sasa ni kimya, nakaa macho nikidhani amekufa."

Niliona aibu kubwa. Nikamweleza Msanifu Mkuu yote. Hakufoka, na afadhali angefoka.

"Ulimuuliza nani kabla ya kuziba?"

"Sikuuliza, mzee."

"Basi kalizibue mwenyewe."

Ijumaa nikashika tindo na nyundo, Bibi ameketi kitandani akinitazama. Mkono wangu ulipopenya upande wa pili, ng'ombe akaulamba. Bibi akacheka mpaka machozi. Kesho yake mwanawe alimkuta bado amelala chumbani, jua limeshapanda, akarudi Dar peke yake. Kwenye ramani, kando ya tundu, niliandika: lisizibwe.

Nimestaafu sasa, magoti hayataki ngazi. Wakiniuliza kazi ilinifundisha nini, nasema: muulize anayelala humo. Nyumba nyingi nzuri nimeziona tupu kwa kukosa swali hilo.

Mwaka jana nilipita Kibosho. Bibi amezikwa pembeni ya mumewe, na mwanawe, mstaafu naye, ndiye anayelala chumba kile. Bandani kuna ng'ombe mwingine. Nikamuuliza kama harufu haimsumbui.

"Inanisumbua sana, mama," alisema. "Lakini kule Dar nilikuwa silali."