Nilifundisha watoto kuuliza sababu, mmoja alipouliza nikakaa kimya

Wakuu, heshima kwenu. Haya ninayoandika yametokea, nimebadili jina la mtoto tu.

Mimi ni mwalimu wa msingi, mtu wa Mbeya, nafundisha katika kijiji kimoja si mbali na Chala, upande wa Sumbawanga.

Darasa la sita nilikuwa na kipindi changu cha Ijumaa. Tunasogeza madawati, tunakaa duara, natupa swali moja. Mfano: kitu kisichoonekana, unajuaje kipo? Hakuna jibu la kukariri. Unasema unachofikiri na sababu yake, mwenzako anakupinga bila kukutukana.

Mwanzoni walikuwa kimya. Watoto wetu mnawajua, mwalimu akimtaja mmoja tu, anaangalia chini.

Aliyewafungua midomo ni Skola, binti wa mkulima wa maharage. Huyo ukimwambia jambo, anataka sababu.

Sasa siku moja kioo cha dirisha la ofisi kikavunjwa, aliyevunja hakujulikana. Mwalimu wa nidhamu akalipanga darasa la sita zima mstarini wachapwe. Walimu wote tulikuwepo.

Skola akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. Ukituchapa sisi ambao hatujavunja, aliyevunja anajifunza nini?"

Mwalimu wa nidhamu akampiga kofi la sikio. Mtoto akaanguka, damu ikamtoka sikioni.

Nilikuwa hatua tatu tu. Sikusema kitu.

Mwalimu mkuu akatuambia tuandike kwamba aliteleza. Niliandika, wakuu. Mke wangu alikuwa mjamzito, niliogopa kuhamishwa.

Baba yake akaja, akavua kofia. "Mwalimu, mwanangu anasema ulikuwepo."

Nikamjibu sikuona vizuri.

"Haya, asante mwalimu." Akapanda baiskeli akaondoka.

Hospitalini Sumbawanga waliambiwa sikio lile halitasikia tena.

Nilikaa na hilo wiki tatu, nikashindwa. Nikaandika maelezo upya, ya kweli, nikapeleka kwa ofisa elimu. Yule mwalimu wa nidhamu akasimamishwa kazi. Ofisini siku hizi hawaniitikii salamu, na sawa tu.

Nikaenda kwa kina Skola kuomba radhi. Ikabidi nirudie maneno yangu, maana nilikuwa nimeongea upande wa sikio bovu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwalimu, wakati nauliza nilikuwa nakuangalia wewe."

Nilichojifunza: ukimfundisha mtoto kuuliza, uwe tayari kusimama naye atakapomuuliza mwenye fimbo. Kama huwezi, usimwanzishe.

Ijumaa bado tunakaa duara. Skola anakuja, anakaa, haongei.

Walimu na wazazi mliomo humu, mtoto wa hivi anarudishwaje? Hata mkinisema, nitasoma yote.