Sufuria ya Kuazima

Mwezi uliopita nilinunua maji ya nyanya yangu. Nilikuwa nimerudi Karurumo kumzika jirani yetu wa zamani, yule mama wa upande wa pili wa ua, na wanawake waliokuwa wakipika walipoishiwa na maji nikachukua jerikeni ya binti yake kabla mtu hajanizuia. Nilitaka kisingizio cha kushuka bondeni. Binti alinitazama kwa huruma. "Dada, beba pesa," akasema. "Siku hizi hakuna ya bure." Nikabeba.

Njia niliyoijua kwa nyayo imetandazwa kokoto. Palipokuwa na chemchemi ya nyanya pana ukuta, kwenye ukuta lango la chuma, na kando ya lango kidirisha ambacho mkono hutokeza kupokea noti. Ndani pampu inanguruma. Nduma, magimbi ya kwetu, zilizokuwa zikiota pande zote mbili zimekufa, kwa kuwa maji hayapiti tena juu ya ardhi. Nilijaziwa, nikalipa, nikapanda kilima nimeinamisha kichwa. Utaniuliza ninaona aibu ya nini, na mwenye lango ana hati halali ya shamba. Ngoja nikuambie.

Baba yangu alipofariki nililetwa kwa mama yake nikiwa sijaanza shule. Nyanya alizaliwa na Wakristo wakulima wa kahawa hapo hapo Karurumo, akaolewa na Mwislamu aliyekuwa na bucha sokoni, akasilimu, akafiwa, akabaki. Watu waliendelea kumwita Mama Bucha hata baada ya bucha kugeuka duka la simu. Msikiti wetu ulikuwa wa mabati, hauna kipaza sauti. Maalim aliweka kiganja sikioni akaadhini, na mbwa wa jirani wakamjibu. Nikikumbuka utoto naisikia sauti hiyo kwanza. Kisha nanusa moshi wa kuni za mti wa kahawa, na githeri ya mahindi na maharagwe iliyoanza kuchemka tangu adhuhuri, na ukungu wa Julai unaoingia ndani bila kubisha.

Mlango wetu haukuwa na kufuli. Ulifungwa kwa ukambaa wa mgomba, ili kuku wasiingie. Ndani kulikuwa na vitanda viwili, meza, redio iliyokamata stesheni moja, leso zake tatu na mswala. Wala hatukuwa watu wa kukosa. Kahawa ilichumwa, ndizi ziliuzwa, na mwanawe wa mwisho, ambaye kwangu ni baba mdogo, alikuwa na duka la vipuri mjini Embu na hakuja mikono mitupu. Vitu viliingia. Ni kukaa tu ndiko havikukaa.

Jumamosi moja maalim alitufundisha habari za zuhudi, akasema ni kuipa dunia kisogo. Nikalipeleka neno hilo nyumbani kwa fahari ya mtoto aliyejifunza kitu kigumu. Nyanya alicheka hadi akaweka jembe chini. "Nitaipaje kisogo, na mimi naipalilia?"

Kisha akanipeleka jikoni akanionyesha sufuria kubwa ya jirani, tuliyoiazima kwa ajili ya pilau ya Idd. Yetu ilikuwa nyeusi kwa masizi. Ile ya jirani aliisugua kwa majivu mpaka nikajiona ndani yake. "Ndiyo hivyo tu," akasema. "Unapika, unakula, unashiba, unaiosha, unairudisha. Na ikienda huililii." Nimesoma mengi tangu siku ile, rafiki yangu, na sijapata maelezo yaliyonitosha zaidi ya hayo.

Jirani mwenyewe alimtania bila kuchoka. Alisema siku moja Mama Bucha atagawa hata mlango, walale nje wote wawili. Nyanya akamjibu kwamba mlango ni mbao, na akikosa kuni aje auchukue.

Baba mdogo hakuona mzaha. Msimu mmoja wa baridi alimletea blanketi zito la rangi ya damu ya mzee, lililofungwa kwa nailoni. Aliporudi wiki mbili baadaye alilikuta limeanikwa kwenye ua wa jirani, ambaye binti yake alikuwa amejifungua. Alisimama uani na viatu vyake vizuri, uso umemvimba, akamwambia mama yake kwamba watu watadhani amemtelekeza, kwamba anafanya kazi usiku na mchana ili ajue mama halali kwenye baridi. Nyanya alimsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza kwa upole, "Ulinipa, au uliniwekea?"

Siku hiyo mimi nilikuwa upande wa baba mdogo. Usiku ule nilikisikia kitanda cha nyanya kikitetemeka kwa baridi, nikamkasirikia kwa niaba ya blanketi.

Ndiyo maana nilipopewa viatu vya Idd, vyeusi, vyenye kifungo cha dhahabu, nilivificha ndani ya gunia la maharagwe. Niliogopa vitatoka kama blanketi. Nilivivaa siku mbili tu kwa mwaka mzima. Nyanya alivigusa siku moja akichota maharagwe, akavirudisha gunini, akaniambia kuwa vile ni vyangu, na yeye hagawi kitu cha mtu. Idd iliyofuata niliviingiza miguu vikagoma kisiginoni. Nilikalia gunia nikalia. Alikaa karibu nami juu ya gunia mpaka nikamaliza.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Mwaka niliotimiza miaka kumi na mmoja mvua ilichelewa, na watu wa chini wakaanza kuzungushia chemchemi zao seng'enge. Ya nyanya ilikuwa haijakauka. Walikuja hadi wa mbali, akina mama wenye mitungi mgongoni, kamba ya mtungi kwenye paji la uso, na nyanya aliwapa maji na kipande cha nduma juu yake. Ijumaa moja baada ya sala alimwita maalim, akanishika mkono, tukashuka watatu hadi majini. Alivua kandambili zake. Akasema, kwa sauti ile ile anayoitia kuku, kwamba maji haya na njia ya kuyafikia ameyatoa wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, mwenye kiu anywe, awe wa dini yoyote, hayauzwi, hayarithiwi.

Maalim alimsihi waende mjini wakaandikishe. Nyanya akasema kahawa imeiva na itaanguka, wataenda ikiisha kuchumwa. Kisha akanigeukia.

"Umesikia?"

"Nimesikia, nyanya."

"Basi wewe ndiye karatasi."

Hawakwenda. Baada ya kahawa kulikuwa na palizi, baada ya palizi maalim akaugua, na hakuinuka. Nyanya aliishi miaka mingine kumi na miwili akigawa, akipungua mwili, akicheka. Alipokufa vitu vyake vilitosha kwenye karai moja.

Tukakaa kikao sebuleni kwake. Baba mdogo alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa shamba la bondeni, lile lenye chemchemi, lakini lazima nimtendee haki: aliuliza. Aliuliza kwa dhati, macho yake yakiwa mekundu kwa kilio. "Wewe ndiye uliyekaa na mama. Kuna neno aliloliacha?"

Jirani alikuwa mlangoni na birika la chai. Alisimama. Hakuwa wa familia, hakuwa wa dini yetu, na hakuwepo siku ile bondeni; alisimuliwa tu na nyanya. Asingeweza kusema lolote. Alinitazama tu.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nalala kwenye kochi la rafiki mjini. Nilijua fungu la baba yangu litakuja kwangu. Nilifikiri nitasema baadaye, nikishasimama, wakati wa kusema utakuwepo. Watu wote walikuwa wananingoja. Nikasema, "Hapana, baba mdogo. Hakuacha neno."

Jirani aliweka birika mezani akatoka.

Fungu hilo ndilo chumba ninamoishi sasa, chenye kufuli mbili na komeo. Ndani yake kuna mablanketi manne. Nimejaribu kuyagawa. Nayashika, nayakunja, nafika nayo mlangoni, kisha nakumbuka baridi ya Julai na kuyarudisha kabatini. Nilidhani kukaa na nyanya kungeniambukiza, kama harufu ya moshi inavyoingia nguoni. Haikuniingia. Kusema nako nilikuahirisha mwaka hadi mwaka, hadi mnunuzi akamuuzia mwingine, na huyo akachimba, akajenga, akaweka lango. Msikiti wa mabati umebomolewa. Maalim hayupo. Aliyekuwa amebaki wa kunitazama machoni ni jirani, naye ndiye tuliyekuwa tunamzika.

Tulipomaliza, binti yake alikuja kukaa karibu nami. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniangusha. "Mama hakuacha kukungoja," akasema. "Kila tukienda kununua maji anatuambia, yule msichana alikuwepo, siku moja atakuja aseme."

Nikamwambia ni kweli, nilikuwepo. Nilisema kila kitu, neno kwa neno, kama alivyolisema nyanya bila viatu miguuni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajifuta mikono kwenye leso akauliza, bila kejeli, kama kuna mtu wa kumwambia sasa.

Sikumjua yeyote.

Jioni niliikuta jerikeni yake chini ya mti wa makadamia, imepakaa matope. Nilichota majivu jikoni nikaisugua ndani na nje, kishikio na kizibo, hadi vidole vikaniwaka. Nikaisuuza kwa maji yaliyobaki, nikampelekea. Katika vyote nilivyowahi kuachiwa au kuazima Karurumo, hiyo ndiyo peke yake niliyoirudisha.